Nani Alipe Rangi?

Mama alinipigia simu Alhamisi jioni kutoka Morogoro. "Mama Mapacha anahama Jumamosi," alisema. "Kesho nenda ukaikague nyumba kabla hajaanza kupakia vitu. Uangalie vizuri." Hilo neno la mwisho alilivuta kidogo, nami nikaitikia kama mtu aliyeambiwa tu awe makini. Wote wawili tulijua lina maana gani. Amana ya Mama Mapacha, shilingi 150,000 aliyomkabidhi baba siku ya kuingia, haikuwepo tena.

Nyumba iko Kimara: vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Marehemu baba aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wake, akitegemea kwamba kodi yake ndiyo itakayomlisha akistaafu. Mama Mapacha aliingia Julai 2018, wanawe wawili wakiwa bado wa kubebwa, na sasa alikuwa anaondoka mwisho wa Juni 2025. Miaka saba kamili. Kodi ilianzia 150,000 kwa mwezi ikapanda hadi 200,000, naye akiilipa kwa miezi sita sita kama desturi ya mjini ilivyo, yaani analipia siku ambazo bado hajaziishi. Notisi alitoa mwezi mzima kabla, kama mkataba unavyotaka. Alimpigia mama, akamshukuru, akamweleza kwamba amepata kiwanja Chanika na amesimamisha pagale. "Bati lipo, mlango bado," alimwambia. "Nikiipata ile amana naweka mlango wa mbele."

Kwa hiyo nilipanda daladala Ijumaa asubuhi nikijua mambo mawili: kwamba pesa haipo, na kwamba pesa hiyo ni mlango wa mtu.

Kwenye karatasi, kazi ya mwenye nyumba mpangaji anapohama ni nyepesi. Unapokea notisi na kuangalia tarehe. Unakagua nyumba mkiwa pamoja. Unasoma mita ya maji, unahakikisha bili imelipwa, unaangalia kama mita ya LUKU haina deni. Unapokea funguo zote, hata zile alizochongesha mwenyewe. Unakata gharama ya alichoharibu, unamrudishia kinachobaki, mnaagana. Mtu anaweza kuimaliza kwa nusu saa. Ugumu wote umejificha kwenye neno moja tu: alichoharibu.

"Shikamoo mama," nilibisha hodi.

"Marahaba mwanangu. Karibu, usijali vumbi."

Sufuria zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, magodoro yameviringishwa na kukazwa kwa kamba. Nikatoa daftari. Mama Mapacha alinifuata chumba hadi chumba, mikono ameikunja, kama mwanafunzi anayesubiri mtihani wake usahihishwe mbele ya macho yake. Sijawahi kuwa na madaraka makubwa kuliko yale, na yalikuwa madaraka ya kalamu ya shilingi mia tano.

Sebuleni rangi ilikuwa imefifia na kulikuwa na matundu ya misumari. Jikoni ukuta mmoja ulikuwa mweusi kwa masizi. Kwa miaka saba mama huyu alichoma vitumbua vya kuuza kabla ya alfajiri, na mvua ikinyesha aliliingiza jiko la mkaa ndani. Kitasa cha mlango wa nyuma kilikuwa kimelegea. Nyavu za mbu za madirisha mawili zilikuwa zimetoboka. Tulipofika chooni, kabla sijainama, alisema mwenyewe: "Sinki hilo wamelipasua hawa watoto. Walipanda juu yake. Hilo ni letu, likate."

Nikaandika. Rangi ya sebule na jiko, 70,000. Sinki, 30,000. Kitasa, 25,000. Nyavu, 20,000. Nikatoka nje, nikakaa kwenye msingi wa baraza, nikajumlisha. Ilikuja 145,000.

Nilibaki naitazama ile namba. Amana ilikuwa 150,000. Hesabu zilikuwa zimekaribiana mno. Hakuna aliyenituma kufika pale. Mama hakutaja kiasi, na mimi sikujiambia popote kwamba nitatafuta mpaka zitimie. Lakini macho yangu yalijua yanatafuta nini, na yalipofika karibu na 150,000 yakapumzika. Ndiyo maana sikuendelea kukagua dari.

Nikageuza ukurasa na kujaribu kuikagua nyumba upya, safari hii nikitafuta kilichoongezeka. Bomba la nje halikuwa lile la baba. Mama Mapacha aliweka jipya la zamani lilipoanza kuvuja. Shimo la choo lilipojaa, gari la majitaka aliliita na kulilipa yeye, mara mbili. Kando ya ukuta kulikuwa na mlimau aliouotesha, umeshaanza kuzaa. Na ule ufa unaopanda kutoka pembe ya dirisha la chumba cha pili, ambao nilikuwa karibu kuuandika, ulikuwepo tangu nikiwa kidato cha pili. Ni wa msingi wetu. Daftari langu lilikuwa na safu moja tu, na safu hiyo ilikuwa ya makosa yake.

Nisiwe mwepesi wa kuwahukumu wenye nyumba. Amana kwenye mikataba yetu haikuingia kwa uchoyo. Mpangaji aliyemtangulia Mama Mapacha alihama usiku. Asubuhi baba alikuta mlango wazi, balbu zimefunguliwa, swichi mbili zimeng'olewa ukutani, hata koki ya jikoni haipo, na bili ya maji ya miezi miwili imeachwa mezani kama salamu. Hakuwa na pa kumpata. Alikwenda kwa mjumbe, mjumbe akampa pole. Kuanzia hapo akaamua kila anayeingia aache kodi ya mwezi mmoja pembeni. Mtu anayekukabidhi funguo za jasho lake la miaka mingi ana haki ya kushika kitu mkononi.

Ila baba hakuandika "dipoziti", neno ambalo watu wengi wa mjini hulitumia. Aliandika "amana". Nadhani aliliandika kwa sababu ya madrasa aliyoipitia utotoni, na mimi nimepita hukohuko, kwa hiyo neno hilo lina uzito wake masikioni mwangu. Amana si pesa yako. Umewekewa. Huitumii bila idhini ya mwenyewe, na siku akija kuidai unaitoa. Lakini kuna upande wa pili ambao sikuwahi kuufikiria mpaka siku ile kwenye baraza. Katika fikihi, mkono wa mpangaji nao huhesabiwa kuwa mkono wa amana. Nyumba iko kwake kwa kuaminiwa. Kitu kikiharibika bila yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, halipi. Kwa hiyo siku ya kuhama kuna amana mbili zinazorudi kwa wenyewe: nyumba inarudi kwetu, pesa inarudi kwake. Mimi nilikuwa nimekwenda kuikagua amana yetu iliyokuwa kwake, wakati amana yake iliyokuwa kwetu hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuikagua.

Tuirudie rangi, maana ndiyo iliyobeba karibu nusu ya ile hesabu.

Kodi ni bei ya nini? Kama ni bei ya kuitumia nyumba, basi kuchakaa kunakotokana na matumizi kumeshalipiwa. Rangi iliyopakwa 2018 haikuwa na ahadi ya kufika 2025. Ingefifia hata kama pangekaa mtu mpole asiyegonga msumari hata mmoja. Nyavu zingetoboka kwa kutu, kitasa kingelegea kwa kufunguliwa na kufungwa. Kumkata Mama Mapacha kwa hayo ni kumuuzia kitu kilekile mara mbili: kwanza amelipia miaka, halafu analipia alama za hiyo miaka. Kipimo nilichojipa ni hiki: je, hili lingetokea hata angekuwa anaishi hapa mtu mwangalifu kuliko wote? Kama jibu ni ndiyo, huo ni uchakavu na ni wetu. Kama ni hapana, huo ni uharibifu na ni wake. Sinki halijipasui lenyewe. Rangi hujifia yenyewe.

Kipimo hicho kilinishinda kwenye masizi. Mtu mwangalifu asingeingiza jiko la mkaa ndani, na mkataba unakataza biashara nyumbani. Lakini baba alipita pale kila asubuhi akielekea kituoni, akanunua vitumbua vitatu, akavila amesimama. Aliuona moshi. Hakusema neno kwa miaka miwili, mpaka alipofariki. Ukimya wa mwenye nyumba anayekula vitumbua ni ruhusa. Naye mama angeweza kunijibu, na asingekosea, kwamba ukarimu wa marehemu usigeuzwe kuwa mtego kwa mjane wake. Kama kila wema usioandikwa unakuwa haki ya mpangaji, wenye nyumba watajifunza kutokuwa wema. Nililipima hilo kwa muda. Mwisho nikaona kwamba ukuta ule ungepakwa rangi hata hivyo kabla ya mpangaji mpya kuingia. Masizi yaliongeza labda mkono mmoja wa rangi ya chini. Kama ningekata, ningekata huo mkono mmoja, si ukuta mzima. Haki mara nyingi inapotea hapo, kwenye kutoza kizima kwa kosa la kipande.

Nchi hii imewahi kuuliza swali hili kwa sauti kubwa zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU kuwa na nyumba ya kupangisha. Kupangisha kulihesabiwa pamoja na njia nyingine za kuishi kwa jasho la wengine. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akiyakalia yote, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba wa maelfu ya watu. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi ya miaka hiyo imeshamrudishia mwenye jengo gharama yake. Nikiwa mwanafunzi niliisoma hoja hiyo kama hesabu safi. Siku hizi naona pia watu waliokuwa ndani yake, familia zilizoweka akiba yote ya maisha kwenye ghorofa moja na kuamka asubuhi si lao. Lakini ndani ya sheria ile kali kulikuwa na jambo ambalo mikataba yetu hailitambui: kwamba muda unapopita, unampa mpangaji kitu pia. Sisi tunauhesabu muda upande mmoja tu. Kodi inapanda kwa sababu miaka imepita, halafu rangi inakatwa kana kwamba miaka haikupita.

Mama yangu si mnyonyaji. Kodi ya Kimara inanunua dawa zake za presha na imelipa sehemu ya ada yangu ya shahada ya uzamili. Yeye na Mama Mapacha wangeweza kuwa mtu na mdogo wake. Kwa hiyo ile lugha ya tabaka haikunisaidia sana pale barazani. Hapakuwa na tajiri kati yetu. Walikuwepo wanawake wawili wasio na pesa, na mmoja wao alikuwa na mwana mwenye daftari.

Mwaka huohuo wa 1971, huko Marekani, John Rawls alichapisha A Theory of Justice, kitabu ambacho mtu wa falsafa ya siasa haepuki kukutana nacho. Anatutaka tuwaze tunatunga kanuni tukiwa nyuma ya pazia, bila kujua pazia likiondolewa tutajikuta nani. Sikuhitaji pazia. Mimi ni mwana wa mwenye nyumba Kimara na ni mpangaji wa chumba kimoja karibu na chuo. Mwaka 2022 nilihama chumba cha kwanza, na mwenye nyumba wangu akabaki na 60,000 yangu kwa sababu ya "usafi" na matundu mawili ya misumari. Matundu yale niliyakuta. Nilipomwambia hivyo alinitazama kwa upole tu. "Ulipoingia ulisema?" aliniuliza. Sikuwa nimesema. Nilikuwa nimefurahi kupata chumba, nani anahesabu matundu siku ya furaha? Nilitembea hadi kituoni nikiwa nimetunga hotuba nzima kuhusu dhuluma. Miaka mitatu baadaye nimekaa kwenye baraza na orodha ya 145,000, na mkataba wetu pia hauna neno hata moja kuhusu hali ya nyumba ilivyokuwa Julai 2018. Kilichopo ni kumbukumbu, na siku ya kuhama kumbukumbu inayoshinda ni ya yule anayeshika pesa.

Nikampigia mama.

"Nyumba ni nzima," nilimwambia.

Akanyamaza. "Nzima kabisa?"

"Sinki limepasuka. Amelisema mwenyewe."

"Na rangi?"

"Rangi ni ya 2018, mama."

Kimya kingine, kirefu. Nilisikia kuku nyuma yake. "Unajua ile pesa ilikwenda wapi," alisema.

Nilijua. Mwaka 2020 baba alipolazwa, pesa zilikwenda kwa mfuatano ambao kila familia inaujua: kwanza akiba, halafu pesa za ndugu, halafu vile visivyotakiwa kuguswa. Bahasha ya amana ilikuwa kabatini, kwenye mfuko wa koti la baba. Ilinunua dawa za wiki moja. Mama hakumwambia mtu, wala hakumwambia Mama Mapacha, ambaye katika wiki hiyohiyo alikuwa akileta uji hospitalini.

Hapa ndipo nilipoona nilichokuwa nimekosea kuhusu swali zima. Nilidhani jambo la kuamua ni kama mama alifanya vibaya kuila amana. Labda alifanya, labda hakufanya. Mtu anayemwuguza mumewe simhukumu kwa bahasha. Lakini tangu siku ile tulikuwa na deni, na deni ni kitu kinachoweza kusemwa kwa heshima: nilichukua, sina, nipe muda. Nilichokuwa nimeandika kwenye daftari hakikuwa deni. Nilikuwa nimechukua upungufu wetu na kuuandika kwa jina la mtu mwingine. Angeondoka Jumamosi akiamini kwamba ameiharibu nyumba ya watu, kwamba hakuwa mpangaji mzuri, kwamba wanawe wamemkosesha mlango. Angeondoka bila pesa, halafu na aibu isiyo yake juu. Kukosa cha kulipa si kosa. Kosa ni kumtafutia unayemdai-kama-vile sababu ya kutomlipa, wakati yeye ndiye anayekudai.

"Tumwambie ukweli," nilisema.

"Atanionaje?"

Sikuwa na jibu zuri. "Atakuona unadaiwa," nilimwambia.

Nikarudi ndani. Mama Mapacha alikuwa anafunga vijiko kwenye gazeti. Nilimwambia kila kitu: kwamba tunamkata sinki tu, kwamba 120,000 inabaki ni yake, kwamba haipo yote, na kwa nini haipo. Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili, hasira au msamaha. Sikupata hata kimoja. Aliweka vijiko chini, akakaa kwenye godoro lililoviringishwa.

"Fundi wa mlango nimeshampa siku," alisema. Baada ya muda kidogo akaongeza: "Mngeniambia mwezi uliopita, nilipotoa notisi, ningepanga mengine."

Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli na lilikuwa dogo. Mwezi mzima tulikuwa nao. Kila hatua ya kuhama ilipangwa kumlinda mwenye nyumba asishtukizwe. Ndiyo maana ya notisi: usiamke ukakuta nyumba tupu. Hakuna notisi ya upande wa pili, ya kumwambia mpangaji kwamba kabati ni tupu.

Tukaandikiana kwenye karatasi. Mama alituma 50,000 jioni ile, mimi nikatoa 20,000, na 50,000 iliyobaki tukaahidi mwisho wa Julai. Alisaini, nikasaini, akanipa funguo nne, mbili za kwetu na mbili alizochongesha. Kesho yake kirikuu ilikuja, ikapakia magodoro, sufuria na mapacha, ikaondoka. Mlimau ulibaki. Nilimwuliza kama anataka kitu kwa ajili yake, akacheka: "Mti unahamishwa?" Nimesoma maelezo ya Locke kuhusu mtu anayechanganya kazi yake na ardhi ikawa yake. Pwani yetu pia ina desturi ya kumtenga mwenye mti na mwenye shamba. Yote mawili hayakunipa ujasiri wa kumwambia mama kwamba tunadaiwa mti.

Mpangaji mpya aliingia Agosti, na mkataba safari hii niliuandika mimi. Una ukurasa wa ziada. Siku ya kuingia tulizunguka nyumba pamoja tukaorodhesha kila kitu: ufa wa chumba cha pili, kitasa kipya, mwezi na mwaka rangi ilipopakwa. Tukapiga picha, kila mmoja akabaki nazo kwenye simu yake. Ukaguzi wa kwanza utafanyika wiki mbili kabla ya kuhama, si siku ya kuhama, ili kama kuna kinachorekebishika akirekebishe mwenyewe kwa fundi wake na kwa bei yake. Amana imewekwa kwenye akaunti ambayo mama hawezi kutoa bila mimi, wala mimi bila mama. Inarudishwa siku ileile funguo zinaporudi, mkono kwa mkono. Ni mambo madogo ya karatasi. Lakini nimeanza kuamini kwamba siku ya kuhama huamuliwa siku ya kuhamia. Mtu anayekagua nyumba huku pesa ya mpangaji iko salama anaona rangi iliyozeeka. Yuleyule, pesa ikiwa haipo, anaona rangi iliyoharibiwa. Sidhani kama mimi ni mtu mwema zaidi kuliko nilivyokuwa Ijumaa ile. Nimejipunguzia tu sababu za kutazama vibaya.

Tarehe 31 Julai tulituma ile 50,000. Ujumbe wake ulirudi baada ya dakika chache: "Imefika, ahsanteni. Mlango niliweka wiki ya kwanza, nilikopa kikoba." Kikoba kina riba. Hakutaja ni kiasi gani, nami sikuuliza.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Siku ile nilipokuwa nasoma mita ya LUKU nilikumbuka kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 kuanzia Julai 2023. Miezi 23 ya kwanza ni 23,000. Miezi 24 iliyofuata, hadi Juni 2025, ni 36,000. Kwa karibu miaka minne Mama Mapacha alitulipia kodi ya nyumba yetu, 59,000, elfu moja moja, kila aliponunua umeme wa kuwasha taa.

Nilimwambia mama. "Tuliwahi kukubaliana naye hilo?" aliniuliza. Hatukuwahi. "Yeye alilitaja?" Hakulitaja. "Basi liache."

Sijaliacha, na sijalilipa. Mkopo wangu wa chuo umechelewa na mama ana kliniki mwezi ujao, na kila nikifikiria kumtumia naona sababu nzuri ya kusubiri. Lakini nikilifungua lile daftari nakutana na kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja kuna sinki, 30,000, ambalo yeye alilitaja kabla sijainama kuliangalia, na tulilikata palepale. Upande wa pili kuna 59,000, kwa mwandiko wangu, ambayo hakuna aliyemtajia.